Programu iliyopunguza foleni ya Nyali kwa kuyaficha magari

Nilikusudia kuyaandika maoni haya nikiwa nimetulia, lakini kila nikiikumbuka simu ile hasira hunipanda upya, kwa hiyo nayaandika hivi hivi. Kazi yangu ni uhandisi wa barabara hapa Mombasa. Ofisi yetu ndogo ilinunua leseni ya programu ya kuiga mwendo wa magari katika mtandao wa barabara, kupitia kwa wakala ambaye sitamtaja. Wepesi wake wa kuchora makutano na uzuri wa ramani zake nawaachia wengine wausifu. Mimi nina jambo moja tu.

Miezi michache iliyopita tulikuwa tukichunguza magari yanayoingia kisiwani asubuhi kupitia Daraja la Nyali. Modeli ya hali ya sasa, yaani mfano wa barabara zilivyo leo ndani ya programu, ilitoka vizuri. Tuliipima kwa GEH, kipimo kinacholinganisha idadi ya magari ya modeli na ile iliyohesabiwa barabarani huku kikizingatia wingi wa magari katika barabara yenyewe: modeli ikitoa magari 150 pale ulipohesabu 100, GEH ni kama 4.5, lakini ikitoa 1,150 pale ulipohesabu 800, inapita 11. Desturi tuliyoichukua kutoka miongozo ya Uingereza ni kwamba angalau asilimia 85 ya barabara ziwe chini ya 5, nasi tulilivuka sharti hilo bila kulazimisha chochote.

Kisha tukaongeza magari kwa asilimia 20 ili tuone hali ya miaka ijayo. Asubuhi iliyofuata nilifungua ramani na kukuta kipande cha barabara kinachotoka Kongowea kuelekea darajani, ambacho jana yake kilikuwa chekundu kabisa, kimegeuka rangi ya chungwa. Wastani wa ucheleweshaji kwa kila gari ulikuwa umeshuka kutoka dakika sita hadi nne na kitu. Magari yameongezeka, barabara haijaguswa, na kutoka Kisauni hakuna njia nyingine ya karibu ya kuingia kisiwani kwa gari, lakini eti watu wanafika mapema zaidi! Nilimwita mzee anayewasimamia wahesabuji wetu, ambaye aliendesha matatu kwenye njia hiyo kwa miaka mingi. Aliitazama skrini kwa muda, akasema, “Mwanangu, hii ni barabara ya wapi? Mimi hii siijui.”

Ndipo nilipompigia wakala simu. Kijana aliyepokea hakuuliza hata tumetumia toleo lipi. “Dada yangu, programu hii inatumika dunia nzima, haikosei hesabu. Watu wenu walihesabu vibaya.” Nilimweleza kwa upole kwamba hesabu za barabarani zilihusu modeli ya sasa, ambayo imekubali, na kwamba tatizo liko katika modeli ya baadaye, ambayo hakuna binadamu anayeweza kwenda kuihesabia magari. Akajibu, “Basi dada, kama huielewi, kuna mafunzo, na yanalipiwa,” kisha akakata. Hao aliowaita watu wetu walisimama Kongowea tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, kihesabio mkononi, moshi wa matatu na tuktuk ukiwapiga usoni.

Jibu nililipata mwenyewe baada ya siku mbili. Tulikuwa tumeukata mtandao wa barabara tuliouchora karibu mno na Kongowea. Magari yalipozidi, makutano yaliziba na foleni ikarudi nyuma mpaka kwenye ukingo wa mtandao, na yale yaliyotakiwa kuingia yakakosa nafasi. Programu iliyaweka nje, ikapiga wastani kwa yaliyofanikiwa kuingia tu, mengi yakiwa yametokea barabara fupi zilizo karibu na daraja. Nayo sehemu iliyo mbele ya makutano ilifunguka, kama bomba linavyopungua maji mbele ya pale lilipokunjwa. Magari zaidi ya 700 hayakuwahi kuonekana barabarani.

Hapo hukumu yangu ikaanza kuyumba, kwa sababu programu haikudanganya. Idadi hiyo ilikuwa imeandikwa, mstari mmoja katika faili la maonyo, chini ya mamia ya maonyo yasiyo na uzito. Kosa la kuukata mtandao pale lilikuwa letu. Tuliusogeza ukingo hadi kupita Bombolulu, tukaendesha modeli mara kumi, kila mara kwa namba tofauti ya kuanzishia, inayobadilisha kwa kubahatisha jinsi magari yanavyoingia, maana kuiendesha mara moja ni kama kuitazama asubuhi moja tu, na tukajumlisha muda wa magari yaliyosubiri nje. Ucheleweshaji ulipita dakika kumi. Mzee akasema, “Naam, hii sasa naijua.”

Nilikuwa karibu kuisamehe kabisa, lakini nikifikiri kwamba ramani ile ya rangi ya chungwa ingeingia katika ripoti, na kwamba mtu angeitumia kuamua kuwa makutano ya Kongowea hayahitaji kufanyiwa lolote, nashindwa. Idadi ya magari yaliyokosa kuingia inastahili kukaa ukurasa mmoja na wastani, kwa herufi za ukubwa uleule, kwa sababu bila hiyo wastani wenyewe hauna maana. Anayeinunua afungue faili la maonyo kabla hajaitazama ramani.

Nilianza na nyota moja. Kwa kuwa baada ya marekebisho matokeo yake yalilingana na barabara ninayopita kila siku, nimeipandisha hadi tatu. Wakala simpi hata moja, na leseni ijayo, tukiichukua, tutaitafuta kwingine.