Baiskeli ya kwanza ya mbio: alumini, chuma, kaboni au titani?

Ukimwambia mpenda baiskeli kwamba unatafuta baiskeli yako ya kwanza ya mbio, hatakuuliza kimo chako wala safari unazokusudia. Ataanza na fremu, yaani kiunzi cha mabomba kinachobeba vyote, na metali au kitu kilichoitengeneza. Alumini inatikisa mpaka meno, atakwambia. Chuma ni mzigo. Kaboni ni kama yai, ikidondoka imekwisha. Titani ndiyo yenyewe, ila ujiandae kufilisika. Kila kauli hapo ina chembe ya ukweli iliyozeeka, na mnunuzi mgeni akiifuata kama ilivyo hulipia sifa za mabomba halafu akakalia baiskeli isiyomtosha.

Mpangilio wangu nautoa mapema. Nafasi ya kwanza ni alumini yenye uma wa kaboni, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Ya pili ni chuma cha aloi, kile chepesi. Ya tatu ni kaboni, ikiwa mpya na ina dhamana. Titani naiweka ya nne hasa kwa sababu ya bei. Kaboni iliyotumika na isiyojulikana imepitia mikono gani sikuipanga kabisa, maana hiyo si ya kununua.

Ila kabla ya fremu kuna mambo mawili yanayoizidi kwa umuhimu. La kwanza ni saizi. Namba iliyoandikwa kwenye bomba, iwe 54, 56 au herufi M, haina maana moja kwa watengenezaji wote. Zamani ilikuwa urefu wa bomba la kiti kwa sentimita. Siku hizi bomba la juu mara nyingi huinamia nyuma, na ile namba imebaki jina tu. Vipimo vya kutegemea ni viwili, na kampuni nyingi huvichapisha kwenye jedwali la kila modeli: kimo cha wima kutoka katikati ya mhimili wa krenki, ile mikono inayobeba pedali, mpaka ukingo wa juu wa bomba la usukani, na umbali wa mlalo kati ya sehemu hizo hizo mbili. Cha kwanza kinakuonyesha usukani utakaa juu kiasi gani, cha pili utajinyoosha kiasi gani kuufikia. Mwanzoni chagua fremu iliyochorwa kwa safari ndefu, si ya mashindano. Ina usukani wa juu kidogo na haikulazimishi kukunja mgongo kama umedondosha funguo. Kiti hupandishwa na kushushwa, stemu, kile kipande kinachoushika usukani, hubadilishwa kwa fupi zaidi, lakini fremu inayokuzidi mwili kwa sentimita 3 haina dawa.

La pili ni tairi. Fremu ya kawaida ni pembetatu mbili zilizoungana, na pembetatu ni umbo bishi: ukiikandamiza kutoka juu haibonyei kwa kiasi ambacho makalio yako yatakitambua. Kinachobonyea ni tairi, kisha kiti na nguzo yake. Sifa mbaya ya alumini ilijengwa enzi za tairi za milimita 23 zilizojazwa upepo mpaka bar 7 au 8, ambapo kila kokoto lilifika moja kwa moja kwenye mikono. Weka tairi za milimita 30 au 32 kwenye fremu hiyo hiyo, shusha presha iwe bar 4 au 5 kulingana na uzito wako, na utashangaa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza fremu imetengenezwa kwa nini, uliza inapitisha tairi ya upana gani. Fremu isiyopitisha milimita 28 mimi siichukui tena, iwe ya madini gani.

Sasa alumini. Uzito wake kwa ujazo ni takriban gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo, na wa chuma ni 7.85, yaani karibu mara tatu. Wengi huishia hapo. Wanachosahau ni kwamba ukakamavu wake nao ni thuluthi moja tu ya ule wa chuma. Bomba la alumini lenye unene sawa na la chuma lingepinda kama tawi bichi. Ndiyo maana mabomba ya alumini ni manene kwa kipenyo: bomba likipanuka, ukakamavu hupanda haraka kuliko uzito. Siku hizi mengi hupewa umbo kwa kusukumwa na kimiminika chenye presha kubwa ndani ya kalibu, hivyo fundi anaweza kulifanya bomba liwe pana mahali linapobeba nguvu ya miguu na jembamba mahali pengine. Fremu nzuri ya aina hii ina kilo 1.2 hadi 1.6, na baiskeli nzima ya kuanzia huwa kati ya kilo 9 na 10 na ushei.

Utakutana na namba 6061 na 7005. Hizo ni aina za aloi, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine, na zote mbili ni nzuri. Usipoteze usiku ukizilinganisha. Kubwa la kujua ni kwamba nguvu ya 6061 inategemea tanuri: baada ya kuchomelewa, fremu hupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu. Kwa hiyo fremu ya alumini ikipasuka, fundi wa kuchomelea akikwambia ataiziba jioni moja, mshukuru na uondoke nayo. Joto lake litalainisha kiungo chote, na ufa utarudi pembeni mwa kiraka.

Udhaifu wa kweli wa alumini ni uchovu. Chuma na titani vina kiwango cha mzigo ambacho chini yake unaweza kuvikunja na kuvikunjua mamilioni ya mara bila kupasuka. Alumini haina kiwango hicho, kila mkunjo unahesabiwa. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo sababu wanaifanya fremu kakamavu ili isikunjike sana. Matokeo yake fremu iliyotengenezwa vizuri huishi miaka mingi ya matumizi ya kawaida. Wala usidhani ni ya wanafunzi tu: Mwitaliano Marco Pantani alishinda mashindano ya Tour de France ya 1998 akiwa juu ya alumini.

Sababu yangu ya kuiweka mbele si fremu peke yake. Kwa bajeti ile ile, baiskeli ya alumini huja na magurudumu bora, breki bora na gia bora kuliko ya kaboni. Sharti langu ni uma wa kaboni mbele, kwa kuwa huko ndiko mikono inakopokea mitetemo, na angalia pia kama sikio la kibadilisha gia cha nyuma, yaani kipande kidogo kinachokining'iniza kwenye fremu, limefungwa kwa skrubu. Baiskeli ikiangukia upande wa kulia, sikio ndilo hupinda. Likiwa la kubadilishwa, unanunua lingine na maisha yanaendelea.

Chuma nakipenda kuliko ninavyokipendekeza. Kuna chuma na chuma. Baiskeli nyingi za bei ya chini zimeundwa kwa chuma cha kawaida chenye kuta nene, na hizo ndizo zilizokiharibia jina. Kinachotafutwa ni aloi yenye kromu na molibdeni, mara nyingi ikitajwa kwa namba 4130. Nguvu yake inaruhusu kuta nyembamba sana. Tena kuta hizo hazilingani: bomba huwa nene kwenye ncha, pale linapochomelewa, na jembamba katikati. Ujanja huo ni wa kale, Alfred Reynolds wa Uingereza aliupatia hataza mwaka 1897, na kampuni yake ndiyo iliyotoa mabomba ya 531 mwaka 1935, ambayo bado yanatafutwa na wanaopenda fremu za zamani. Fremu ya aina hii itakuzidishia nusu kilo au zaidi ukilinganisha na alumini. Utapata mabomba membamba yanayopendeza macho, fremu inayobonyea kabla ya kupasuka, na ambayo fundi mwenye ujuzi anaweza kuichomelea.

Ukitaka kuhakikisha ni chuma kweli, beba sumaku ndogo. Itanata kwenye chuma, haitanata kwenye alumini, titani wala kaboni. Muuzaji anayekuapia kuwa fremu nzito ile ni "aloi tupu", akimaanisha alumini, hujibiwa na sumaku bila ugomvi.

Kutu ndiyo adui, hasa ya ndani isiyoonekana. Hapo niliumia mwenyewe. Fremu yangu ya kwanza ya chuma niliinunua mkononi mwa mtu, rangi inang'aa, mabomba hayana hata mkwaruzo. Nilipotaka kupandisha kiti, nguzo ilikataa. Ilikuwa ya alumini ndani ya bomba la chuma, haikupakwa grisi kwa miaka, na metali hizo mbili zikikutana na maji ya chumvi ya jasho huungana kana kwamba zimechomelewa. Nilimimina mafuta ya kulainisha kwa wiki nzima, nikagonga, nikazungusha, na mwishowe nikaiendesha nikiwa nimekunja magoti kama panzi mpaka nikamuuzia mtu mfupi kuliko mimi. Nilimweleza shida yake, naye akacheka: kwake kimo kile kilikuwa sawasawa. Tangu hapo, kwenye baiskeli yoyote iliyotumika, jambo la kwanza ninalofanya ni kulegeza boliti na kuzungusha nguzo ya kiti.

Kaboni si metali. Ni nyuzi zilizolazwa tabaka juu ya tabaka ndani ya gundi ya epoksi, na nguvu zake zinafuata mwelekeo wa nyuzi. Hapo ndipo utamu wake ulipo: mchoraji anaweza kuifanya fremu iwe ngumu kwenye krenki na laini kidogo chini ya kiti, jambo ambalo metali hailiwezi kwa kiwango hicho. Na hapo ndipo mtego ulipo pia. Neno "kaboni" kwenye bomba halikuelezi ni nyuzi gani, tabaka ngapi, na zimelazwa kwa uangalifu gani. Fremu mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuachana mbali kwa ubora.

Uzito wake unasifiwa kupita kiasi. Tufanye hesabu. Una kilo 70, baiskeli ina 9, jumla 79. Unapunguza kilo nzima kwa kununua kaboni. Kwenye mlima mkali wa saa moja, ambapo karibu nguvu zako zote zinapigana na uzito, utaokoa takriban sekunde 45. Kwenye tambarare hutaona kitu, kwani kule adui ni upepo. Kwa mshindani sekunde hizo ni medali; kwa anayeanza, chupa moja ya maji iliyojaa ina uzito kama huo. Hata mashindano yenyewe yana kikomo: tangu mwaka 2000 chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, hakiruhusu baiskeli ya mbio chini ya kilo 6.8.

Kaboni haivunjiki ovyo, hilo ni la kuwatetea waliobuni. Inavumilia mizigo ya barabarani vizuri, hata kuchoka haichoki haraka kama alumini. Isichopenda ni kubanwa na kupigwa kwa kitu chenye ncha. Boliti ya nguzo ya kiti mara nyingi huandikwa kikomo chake, tuseme Nm 5 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na bila spana ya kupimia nguvu ya kukaza ni rahisi kupita hapo na kuponda nyuzi. Chuma kikigongwa hubonyea na unaona. Kaboni inaweza kuachana tabaka ndani huku rangi nje iko salama. Wengine hugonga kwa sarafu wakisikiliza mlio uliofifia. Inasaidia, lakini mlio mzuri si cheti. Hiyo ndiyo sababu ya onyo langu juu ya zilizotumika, pamoja na kwamba kuna fremu za bandia zenye majina makubwa yaliyobandikwa.

Titani haina kutu, haichoki ovyo, haihitaji hata rangi. Ina zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa chuma na takriban nusu ya ukakamavu wake. Ughali unatokana na madini yenyewe na kazi yake: ikiwa ya moto hunyonya oksijeni na kuwa dhaifu, hivyo huchomelewa ndani ya kinga ya gesi ya argoni. Ni fremu ya mtu anayejua tayari vipimo vya mwili wake na anataka kuzeeka nayo. Wewe bado hujui.

Fremu ikishapatikana, macho yahamie kwenye gia. Za mbele ziwe na meno 50 na 34, na kaseti, lile fungu la gia za nyuma, ifike meno 32 au 34. Ukiwa na 34 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali ni mzunguko mmoja wa gurudumu, na hapo vilima vingi vinakubali. Idadi ya gia haijalishi sana. Nyuma zikiwa nane au tisa zinatosha, na vipuri vyake ni rahisi zaidi. Breki za diski zinashika vizuri kwenye mvua na kwa kawaida huacha nafasi ya tairi pana. Za rimu, zinazobana ukingo wa gurudumu, ni nyepesi na hata asiye fundi anazirekebisha. Nikipewa nafasi nachukua diski.

Usimalize fedha zote kwenye baiskeli. Bado kuna kofia ya kujikinga, pampu yenye geji, tyubu za akiba na taa. Na katika wiki chache za mwanzo nyaya za gia hulegea kidogo, cheni itaanza kurukaruka bila kosa lako. Kabla ya kulipa, kubaliana na muuzaji kwamba utairudisha ikazwe bila malipo.