Tuisheni ya biashara na kompyuta hapa Malindi: nusu nyota tano, nusu nyota mbili

Jamani wazazi wenye watoto wa kidato cha nne, hiki kituo cha tuisheni cha hapa mjini naulizwa sana manake watu wajua mpwa wangu asoma pale Jumamosi, basi leo nasema mara moja. Biashara mpeleke bila wasiwasi. Kompyuta uliza kwanza kabla hujatoa pesa.

Mwalimu wa biashara Mungu ambariki. Somo la kuweka hesabu alianza na mama muuza samaki, amechukua nguru kwa mkopo kwa mvuvi, haya, manunuzi yaende debiti, yaani upande wa kushoto wa hesabu, mvuvi aende krediti, upande wa kulia. Barafu ni gharama lakini friza ni mali. Alafu akawauliza, jioni yule mama akichukua nguru mmoja akaenda kumpika kwake na hajalipa, yaandikwa wapi? Darasa kimya, mmoja akasema kwani si samaki wake mwenyewe! Hapo ndo wakaelewa kwenye vitabu biashara ni mtu mbali na mwenyewe ni mtu mbali, na yule samaki wa kitoweo amepunguza mtaji. Toka siku hiyo nikifungua soda dukani kwangu huyu mtoto aniuliza, shangazi umeandika? Asumbua kweli, lakini soda zenyewe zimepungua kunywewa ovyo.

Mtihani pia amewazoesha. Karatasi ya kwanza maswali 25 mafupi kwa saa mbili, ya pili wachagua matano kati ya sita, na mpwa wangu sasa ajua swali lipi aliruke.

Sasa njoo kompyuta. Watoto watatu mashine moja, mmoja kashika mausi wawili watazama tu kama wamekuja kuangalia mpira, na wa mausi ni yule yule kila wiki. Mwalimu ni mjuzi sikatai, lakini hatua zote za Access, ile programu ya kuhifadhi na kupanga data, aziandika ubaoni, tengeneza jedwali, unganisha na lengine, tengeneza ripoti, na watoto wanakili daftarini! Wakati karatasi ya pili ni vitendo vitupu, saa mbili na nusu uko peke yako na mashine, kazi uitoe kwa printa, jina na nambari yako ya mtihani viwe juu ya kila karatasi, na maelekezo ya miaka ilopita yalitaka kazi iwekwe kwenye CD vilevile. Pale printa ipo, imefunikwa kitambaa, naambiwa wino ghali. CD ndo usiulize. Na stima ikipotea, si mwaijua Malindi, somo limekwisha na ada hairudi.

Kitu chengine kilonikera, kijana wa mapokezi aliniuliza polepole kama nataka mradi ulio tayari, yaani ile karatasi ya tatu ambayo mtoto atakiwa atengeneze mfumo wake mwenyewe shuleni. Nikamwambia hapana, na wewe mzazi ukiulizwa sema hapana, mwalimu wa shule akimuuliza mtoto hii fomu ya kuingizia data uliiundaje, atajibu nini?

Mimi nimembakisha biashara peke yake, kompyuta afanya mazoezi kwa laptopu ya binamu yake. Ada ya somo moja wanakubali ukiongea nao, usikubali kulipia yote mawili kwa lazima. Na fika mapema, darasa la biashara viti huisha.