Baiskeli ya kukodi Lushoto: mlima niliuweza, breki ndizo zilizotaka kuniua

Mimi ni mtu wa Tanga, na Tanga kupanda baiskeli si jambo la kujisifia. Ngamiani kila nyumba ina yake imeegemezwa ukutani, na mimi naenda dukani kwa Phoenix niliyoachiwa na marehemu baba. Duka lenyewe ni la vipuri vya pikipiki. Nayasema haya mapema ili mkifika kwenye habari ya breki mjue kwa nini nilijionea aibu kuliko hasira.

Sikukuu ya Nanenane ilipoangukia karibu na wikiendi nikapanda basi la asubuhi, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, halafu zile kona za Soni ambazo abiria wa dirishani hunyamaza wote kwa pamoja. Pale Lushoto kuna jamaa wanaokodisha baiskeli za changarawe, zile zenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Jina lao silitaji, kwa sababu mwenyewe nimeshaongea naye na hili nimemwachia alirekebishe. Baiskeli ni elfu sitini kwa siku, mwongozaji elfu arobaini, na gari la kuwarudisha kutoka Mtae, mnakomalizia, mnapatana pembeni. Kiingilio cha msitu wa Magamba unalipa TFS, wale Wakala wa Misitu, kwa kumbukumbu namba, hakimo kwenye bei hiyo. Si rahisi. Kwa hela hiyo Phoenix yangu inabadilishwa matairi yote mawili na chenji inabaki.

Tuanze na baiskeli, maana ndiyo watu wananiuliza. Kitu cha kwanza nilichopima ni tairi. Ubavuni limeandikwa 40, yaani milimita. Nikacheka. Tairi la Phoenix, lile la inchi 28 kwa moja na nusu, upana wake ni karibu uleule! Wazee wetu walikuwa wanaendesha changarawe siku zote, ila hakuna aliyewauzia kwa jina hilo. Tofauti iko ndani: hili halina tyubu, limemiminwa maji ya gundi, mwiba ukiingia gundi inakimbilia tundu na kuliziba yenyewe. Nilikuwa na shaka nayo mpaka karibu na Malindi, ile ya hukuhuku Usambara, tairi la nyuma lilipoanza kupiga mluzi na kutema matone meupe. Mwongozaji akasema, "Wewe zungusha tu, kaka." Nikazungusha. Kabla sijahesabu hamsini mluzi umekwisha. Tukaongeza upepo kidogo, tukaondoka. Kwa hilo peke yake nimewapa alama zao.

Gia nazo wamezipanga kwa akili. Mbele kuna sproketi moja tu ya meno 40, nyuma kubwa kabisa ina meno 42. Maana yake ukiwa kwenye gia nyepesi, pedali zikizunguka mara moja gurudumu halimalizi hata mzunguko mmoja. Unakwenda taratibu kama mzee anayetoka msikitini, lakini unakwenda, hushuki kusukuma. Lushoto mjini uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukishika njia ya Magamba unazidi kupanda. Mtu wa pwani kifua kinauma. Nilisimama mara tatu kabla ya kufika msituni, na mara zote tatu nikajifanya napiga picha.

Siti ni ngumu kama mbuzi ya kukunia nazi. Wanasema unazoea. Sikuzoea.

Msitu wenyewe siwezi kuuweka kwenye bei. Unatoka kwenye mashamba ya kabichi na karoti yaliyopangwa kwa ngazi mlimani, jua linawaka, halafu unakata kona moja na mwanga unazimika. Baridi inakushika kwenye mikono kwanza. Mikulo, ile miti ya kafuri, imesimama mikubwa, mizee, imevaa kuvu na majani ya kigeni mwilini, ukungu unapita katikati yake polepole, na barabara inageuka kutoka vumbi jekundu kuwa udongo mweusi uliotapakaa majani. Matairi hayatoi sauti tena. Mwongozaji akainua mkono tusimame. Juu yetu mbega walikuwa wamekaa kama wazee wa baraza, mikia myeupe inaning'inia, mmoja anatutazama huku akitafuna bila haraka. Akamaliza jani lake, akachukua lingine. Tulisimama mpaka jasho likatukaukia mgongoni na nikaanza kutetemeka.

Hapo ndipo nimsifie huyu kijana, maana kwa kweli ndiye unayemlipia. Ni Msambaa wa hukohuko, umri haujafika thelathini. Kwa kila mama aliyebeba kuni alisimama, akashusha mguu chini na kumwamkia kwa Kisambaa, salamu inakwenda na kurudi mpaka watoto wameulizwa wote. Mwanzoni nilikereka, tunachelewa. Baadaye nikaona faida: mama mmoja akatuambia lori limekwama mbele na njia haipitiki, tukazungukia kwenye kijinjia katikati ya miwati ambacho peke yangu nisingekiona hata kwa tochi. Nami sikuachwa. Kwa ile kofia ngumu na miwani yangu, watoto walinikimbilia wakipiga kelele, "Mzungu! Mzungu!" Nikavua miwani. Mmoja akawageukia wenzake: "Kumbe wa Tanga."

Alijuaje? Bado najiuliza.

Sasa breki. Tulikuwa tumetoka msituni tunateremka kuelekea Lukozi, mteremko mrefu, changarawe imelala juu ya udongo mgumu kama choroko zilizomwagika sakafuni. Nikashika breki ya mbele, ikashika. Nikashika tena, ikaja mpaka kwenye usukani. Halafu nikasikia ile sauti. Wateja wangu wa bodaboda huja nayo dukani kila wiki, chuma juu ya chuma, na mimi huwafokea: mnasubiri mpaka iimbe? Leo inaimba ya kwangu. Nikaishika ya nyuma peke yake, gurudumu likajifunga na kuanza kuserereka kando, upande ambao hauna shamba wala ukuta, una hewa tu. Nilichokifanya si ufundi, nilijitupa kwenye tuta la udongo upande wa mlimani. Kiwiko kilichubuka, suruali ikapasuka gotini. Nimetoka salama, alhamdulillahi.

Tulipofungua, pedi ya mbele ilikuwa imekwisha kabisa. Kimebaki kibati kinachong'aa kama shilingi mpya, na disiki imechorwa miduara kama sahani ya santuri. Hiyo haikuisha siku ile. Hiyo imeisha wiki nyingi nyuma, mteja mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeinama kuangalia. Nami sikuinama! Mtu ninayeuza pedi miaka kumi na moja, asubuhi nilibonyeza tairi kwa kidole gumba, nikageuza pedali, nikasifia rangi ya fremu, nikaondoka.

Na kwenye begi la vifaa kulikuwa na tyubu mbili, pampu, kiunganishio cha mnyororo, hata bisibisi. Pedi hakuna. Kwa milima ya Usambara hilo ni sawa na kutweka tanga bila usukani.

Kijana hakubabaika. Akaigeuza baiskeli yake matairi juu pale uani kwa watu, akachomoa pedi za nyuma za kwake, akazifunga mbele kwenye yangu. "Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha, kaka. Mimi nitakwenda na moja, huku nimezaliwa." Dakika kumi hazikuisha. Mama mwenye uwanja akatuletea chai ya tangawizi na maji ya kunawia kiwiko, na alipopewa hela akaikataa, akakubali mkate wa shamba la Irente tuliokuwa tumebakiza kwenye mfuko.

Lukozi tulikula chapati na maharage katikati ya malori yanayopakia kabichi za Dar, hapana la kusimulia. Kuanzia hapo mpaka Mtae nilikwenda kwa adabu. Kila mteremko mkali nilishuka nikatembea, na siioni kuwa ni aibu. Simu yangu ilihesabu kama kilomita 60 tangu Lushoto. Mtae umekaa juu ya ukingo wa mlima kabisa, tulifika jua linazama, tambarare ya Mkomazi iko chini huko imekuwa rangi ya ngozi ya chui, na nyumba za pale zimejipanga kwenye mgongo kana kwamba zinaogopa kuangalia chini. Nililala na mablanketi mawili na soksi.

Kesho yake mwenye baiskeli alipiga simu mwenyewe kabla sijampigia. Hakubishana. Alitaka kunirudishia elfu ishirini, nikamwambia azinunulie pedi, na nikamtumia picha ya saizi inayotakiwa. Amesema sasa wanaziangalia kila baiskeli inaporudi. Mimi naandika kilichonipata, hayo mengine mtakaokwenda ndio mtasema.

Ningewashauri mwende? Ndiyo, na msikwepe elfu arobaini ya mwongozaji mkadhani mna ramani kwenye simu. Msiende wakati wa masika, ule udongo mweusi wa msituni ukilowa hata mbega wanakucheka. Bebeni koti hata kama mnatoka Tanga mnatiririka jasho. Na kabla hujalipa, inama, chungulia kati ya disiki na kalipa, kile kinachoshika pedi, kwa tochi ya simu: pedi ikiwa nyembamba kuliko sarafu, omba nyingine.

Mimi narudi Januari, matunda yakiiva. Jozi mbili za pedi za baiskeli zile nimeshaziagiza, zipo kwenye droo ya chini dukani, na yule kijana wangu wa kaunta nimemwambia hata mteja alie machozi zile haziuzwi.