Waya wa nguru: kwangu mimi, wa koili ndio wenyewe

Nianze na hukumu kabisa, asiye na muda aende zake. Kama unaburura chambo kwa ajili ya nguru, nunua koili ya waya mmoja wa chuma kisichoshika kutu, unene wa namba 7, rangi ya kahawia, ukaufunge mwenyewe nyumbani uwe kati ya ndoana na mshipi. Ule uliofungwa tayari, unaoning'inia madukani kwenye vipaketi na ndoana zake zinazong'ara, waachie wanaovua kwa ajili ya picha.

Mimi navua kaskazini ya Unguja, kutoka Nungwi kuelekea Leven Bank, na bahari ikiruhusu tunaingia mkondo wa Pemba. Boti ni ya faiba, mashine moja, na nguru ndiye anayelipa mafuta. Mahoteli yanamtaka, na mnadani ni jodari mzuri tu anayeweza kusimama naye. Kwa hiyo kila nguru anayeondoka na ndoana yangu mdomoni ni hasara ninayoihesabu.

Mfungue mdomo uone shida ilipo. Meno bapa ya pembetatu, safu moja juu na moja chini, makali pande zote. Nguru hamng'ang'anii chambo kama chewa. Anakata na kupita. Nailoni ya paundi 80 inakwenda bila wewe kusikia kitu mkononi. Mshipi unalegea tu, unavuta, unakuta ncha imekatwa kama kwa wembe. Wako wanaoapa kwamba fluorokaboni nene inatosha. Ni kweli ni ngumu kuliko nailoni na haionekani sana majini, lakini kwa nguru hiyo ni bahati nasibu. Ndoana ikinasa pembeni ya mdomo, utampandisha. Akiimeza, kwaheri.

Sasa huo waya wa paketi. Niliotumia, na dukani kwenyewe sipataji, ulikuwa wa nyuzi saba zilizosokotwa na kuvishwa plastiki, na vitanzi vyake vimebanwa kwa vimirija vidogo vya chuma. Nguru hakuukata. Ulichomoka. Nilivuta nikabaki na waya mzima uliopinda pindapinda, kimirija kimeachia. Nikavifungua vilivyobaki kwenye paketi na kuvitazama juani: kimirija kimebanwa upande mmoja hadi ukingoni kabisa, chuma kimeingia kwenye nyuzi na moja imeshakatika kabla hata haujaona maji. Kimirija hubanwa katikati, miisho yake miwili ikaachwa wazi kidogo ili ukingo usiule waya. Aliyefunga ule alikuwa na haraka zake.

Hata ukifungwa vizuri, ile plastiki ina hila nyingine. Meno yanaichana, maji ya chumvi yanapenya chini na hayatoki. Kwa nje unauona waya mzima, kumbe ndani kutu inakula. Nyuzi saba zisizovishwa kitu ni afadhali, na ukiwa na koleo la kubania na vimirija vinavyolingana na unene wa waya, kwa mzia zinafaa sana kwa sababu ni laini na hazijikunji ovyo.

Lakini waya mmoja wa koili hautaki kimirija wala koleo la kubania, na hapo ndipo uliponipata. Unapitisha ncha kwenye tundu la ndoana, unaiacha kama shibiri moja. Unazivusha nyaya mbili ziwe msalaba mpana, unashika kitanzi kwa plaizi, kisha unazisokota zote mbili kwa pamoja. Hapa wengi wanaharibu: wanaacha mmoja umenyooka na kuuzungushia mwenzake. Huo utateleza siku ya samaki mkubwa. Lazima kila mmoja umpinde mwenzake, mizunguko minne au mitano. Baada ya hapo ncha fupi unaigeuza ikae mkingamo na waya mkuu, unaizungusha mizunguko mingine minne iliyobanana bila nafasi. Usikate kwa plaizi! Ikunje ncha iwe kama mpini mdogo, izungushe mbele na nyuma, itakatika yenyewe pale pale kwenye mzunguko wa mwisho. Pitisha kidole. Kama hakuna kinachokwaruza, umefunga. Ukikata kwa plaizi inabaki sindano inayochana vidole na kukusanya kila jani la mwani linaloelea.

Urefu wangu ni dhiraa mbili, kidogo chini ya mita moja. Koili ya futi 30 inatoa kama nyaya sita hivi ukihesabu na ya kusokotea. Chambo ni chuchunge mzima: ndoana ya kwanza kichwani, na kutoka hapo kipande kingine kifupi cha waya kinachobeba ndoana ya pili karibu na mkia. Hii ya pili si ya mapambo. Nguru hupenda kukata nusu ya nyuma kwanza, na mwenye ndoana moja hurudisha kichwa cha chuchunge kitupu.

Kiungo cha kuzunguka kati ya waya na nailoni kiwe cheusi, tena kidogo. Kile cha shaba kinachomeremeta huvuta viputo na mwanga, na nguru wa pili kundini hukirukia hicho badala ya chambo, akakukatia mshipi juu ya waya.

Kasoro ya waya mmoja ni hii: ukijikunja kitanzi kikakaza, umekwisha. Usiunyooshe ukadhani umepona, utakatika hapo hapo. Baada ya kila samaki naukagua wote, wenye kikunjo unatupwa ndani ya boti, si baharini. Titaniamu haina tabia hiyo, unaikunja inarudi, lakini bei yake inanifanya nimtazame nguru kwa mashaka. Na namba 7 inabeba takriban paundi 70, inatosha kwa fimbo na rili iliyolegezwa breki. Wanaovuta kwa mkono na mshipi mnene wachukue namba 9, maana mkononi hakuna breki.

Shemeji yangu wa Mwanza alitaka nimpelekee koili kwa ajili ya sangara. Nilimwambia asipoteze pesa. Sangara hana meno ya kukata, mdomo wake unakwaruza tu, na nailoni nene ya paundi 80 inavumilia mkwaruzo huo. Angekuwa Kigoma anamwinda kibebe, mwenye yale meno ya nje yanayopishana, ningempa koili yangu mwenyewe.

Jodari pia hataki waya. Ana macho makali, na wakiwa wanaruka mbele yako huku chambo chako kinapita katikati hakiguswi, tatizo ni huo waya. Naweka fimbo moja isiyo nao, fluorokaboni tupu, na kama nguru akiikata basi amekata. Jodari mmoja mzuri anafidia ndoana nyingi.