Mashine ya oksijeni walitupa, lakini ile "una hakika?" bado imenikaa kooni

Maoni haya nimeyaandika mara mbili nikayafuta. Mara ya kwanza nilitukana tu. Mara ya pili nilisifu mpaka nikajiona mnafiki. Jina la shirika naliacha. Wanasaidia wagonjwa wa saratani ya mapafu, na sisi kweli walitusaidia, ndiyo maana naandika kwa uchungu hivi.

Mama yangu ni wa Bagamoyo. Alikaanga samaki tangu mimi sijazaliwa: karai juu ya kuni, kibanda cha makuti, moshi hauna pa kutokea. Kikohozi kilipoanza akapimwa makohozi, kifua kikuu hakuna. Akapewa antibaiotiki, akamaliza, akapewa nyingine. Miezi ikaenda hivyo. Siku alipotema damu ndipo tukampeleka Dar, akapigwa picha, akatolewa maji kifuani, akakatwa kipande kidogo cha nyama cha kupimwa. Majibu yanatoka, ugonjwa umeshafika kwenye mifupa. Wagonjwa wengi hugundulika wamechelewa namna hii, maana kikohozi cha saratani ya mapafu kinafanana na cha TB na kila mtu anaanzia huko.

Kwenye foleni ya mionzi mama mmoja aliyekuwa anamuuguza mumewe akatuelekeza kwa hawa watu. Wanaazima mashine za oksijeni, wanasaidia nauli, wana muuguzi anayewafuata wagonjwa majumbani. Tukaenda. Ofisi iko ghorofani na lifti hakuna. Mtu mwenye mapafu mabovu apande ngazi! Mama alipumzika mara 3 kabla hatujafika juu.

Mezani tukamkuta kijana wa umri wa wajukuu zake. Hakumwamkia. Kwetu Pwani hata ukiwa na haraka ya moto unasema shikamoo kwanza. Akavuta fomu, akauliza, "Bibi, umevuta sigara miaka mingapi?"

Hakuuliza kama amevuta. Aliuliza miaka mingapi.

Mama, bado anahema, akajibu kwa upole, "Sijavuta, mwanangu." Kijana akainua kalamu, akamtazama usoni. "Una hakika?"

Benchi lilikuwa na watu, wote wakageuka. Mama akavuta ushungi ukamfunika nusu ya uso, akaanza kujieleza: mume wake alikuwa havuti, kaka zake hawavuti, yeye sigara anaiona mikononi mwa wavuvi tu. Mtu wa miaka 60 na ushei anajitetea kama amekamatwa na mali ya wizi, na kila neno linamkata pumzi. Mimi nilinyamaza. Nilitaka ile mashine.

Sigara ndiyo sababu kubwa kuliko zote, hilo silibishi. Lakini wapo wengi wanaougua bila kuigusa maisha yao yote. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka moshi wa kuni za ndani ya nyumba kwenye orodha ya vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, na mvuke wa kukaangia kwa moto mkali nao umo. Kwenye ile fomu palikuwa na mahali pa kujaza sigara ngapi kwa siku. Pa kuni hapakuwepo. Halafu hata kama angekuwa amevuta, ndiyo nini? Mvutaji haumwi? Hana watoto wanaomlilia?

Mashine tukapewa siku ile ile. Lakini mama akasema harudi tena pale, na kibaya zaidi akaacha kusema kwamba anaumwa. Ukimuuliza anasema sijambo, huku usiku anang'ata pindo la kanga.

Ikapita kama wiki 3, ndipo muuguzi wao wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, akaja mwenyewe Bagamoyo. Huyo dada Mungu amlipe. Alivua viatu mlangoni, "shikamoo mama," akakaa mkekani, akamuuliza habari za samaki kabla ya habari za ugonjwa. Akahakikisha mama amepata mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, akanielekeza: kila baada ya saa 4, usisubiri maumivu yaje, kipimo cha kulalia kiwe maradufu ili usiku asiamke, na dawa ya kulainisha choo iende nayo, kwa sababu mofini inafunga. Majirani walikuwa wameshasema ukipewa mofini ndiyo basi tena, unakufa. Akawaeleza na wao. Akamfundisha mama kuegemea mto juu ya meza pumzi ikimbana, nami nimpepee karibu na uso. Nikachukua kipepeo chake kile kile cha kuchochea moto.

Usiku ule mama alilala mpaka adhana ya alfajiri. Mimi nilikaa macho namsikiliza anavyopumua.

Kwa usiku ule ningewapa nyota zote 5. Halafu nakumbuka zile wiki 3. Dawa ilikuwepo, muuguzi alikuwepo, na mama aliumia kimya kwa sababu ya maneno mawili ya mtu mmoja. Nilipopiga simu kulalamika nikaambiwa yule kijana anajitolea, halipwi, nimwelewe. Sikumwelewa, na mpaka leo simwelewi. Kuamkia hakulipiwi mshahara.

Mama alitutoka kabla ya masika. Yule dada alikuja kwenye hitima, akaosha vyombo na wanawake wenzake mpaka jioni. Kwa hiyo sijui niwape nyota ngapi. Nimeweka 3, huenda kesho nitabadilisha.

Ukiwa na mgonjwa, nenda kwao, usiache. Lakini ngazi zile panda wewe, fomu jaza wewe, mgonjwa wako mwache chini kivulini, na ombeni muuguzi wa tiba shufaa siku hiyo hiyo ya kwanza.