SOPA au OPEN: kufunga mlango au kukata pesa?

Miswada hii miwili ya Marekani ililenga adui mmoja: tovuti za nje ya nchi zinazogawa filamu na muziki wa wizi. Tofauti ni silaha.

SOPA (Stop Online Piracy Act) uliwasilishwa Bunge la Wawakilishi Oktoba 2011 na mbunge Lamar Smith. Mwanasheria Mkuu angepata amri ya mahakama, kisha kampuni za intaneti zingekuwa na siku 5 kuizuia tovuti. Injini za kutafutia nazo zingeondoa viungo vyake, na kampuni za malipo na matangazo zingekata uhusiano.

Kasoro kubwa ilikuwa kwenye njia ya kuzuia: DNS, mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa namba ya IP, yaani anwani yake kwenye intaneti. Ukificha jina, namba ya IP bado ipo. Mtumiaji anaiandika moja kwa moja, au anahamia DNS ya nchi nyingine, na anaingia. Mbaya zaidi, DNSSEC, kinga inayothibitisha kwamba jibu la DNS halikughushiwa, ingeona zuio hilo kama udanganyifu. Januari 2012 Smith mwenyewe alikubali kukiondoa kipengele cha kuzuia kwa DNS.

OPEN (Online Protection and Enforcement of Digital Trade Act), wa seneta Ron Wyden na mbunge Darrell Issa, haukugusa DNS wala viungo. Kesi ingekwenda Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani, na amri ingebana malipo na matangazo tu. Wenye hakimiliki waliulalamikia kuwa wa polepole na ghali kwa msanii mdogo, na hapo walikuwa na hoja. Hata hivyo, kiufundi OPEN ulikuwa bora. Hakuna uliopita.