Mionzi kwa limfoma ya ngozi: dozi fupi ndiyo inayomfaa mgonjwa wa Moshi na Arusha

Kwa mwenye maikosisi fungoidesi, limfoma (saratani ya chembe za kinga) adimu inayoanzia kwenye ngozi, huduma tunayoipa alama za juu ni dozi ndogo ya mionzi: grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 8 kwa kila baka, yaani grei 4 kwa vikao viwili. Mabaka mengi hunywea kwa kiasi hicho, na ugonjwa ukirudi, pale pale panaweza kupigwa tena. Ukipewa rufaa ya Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, hilo ni suala la malazi ya siku chache badala ya wiki kadhaa. Baka likiwa moja tu mwili mzima, mambo hubadilika: hapo hulengwa kuponya, kwa grei 24 hadi 30, na kukaa muda mrefu kunastahili.

Anzia kliniki ya ngozi ya KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, penye kituo cha mafunzo cha kanda tangu 1992. Kwenye ngozi nyeusi ugonjwa huu mara nyingi huja kama mabaka meupe, watu wakadhani ni mba, choa au hata ukoma. Krimu ya steroidi ya duka la dawa hulituliza baka, kisha kinyama kikikatwa kwa uchunguzi hakionyeshi kitu. Mwombe daktari ruhusa ya kuiacha wiki 2 hadi 4 kabla ya kipimo, na usishangae ukikatwa sehemu zaidi ya moja. Mabaka hayo membamba tusingeyakimbizia kwenye mionzi. Tiba ya mwanga wa UVB, aina ya miale ya urujuanimno, mara nyingi huyatosha. Mionzi ni ya mabaka mazito na vinundu.

Uliza mapema kama mashine utakayopangiwa inatoa elektroni. Mashine ya kobalti hutoa miale ya gama tu, nayo hupenya mbali. Elektroni za MeV 6 (kipimo cha nguvu yake) hufifia baada ya sentimita 2 hivi, viungo vya ndani vikasalimika. Tatizo ni kwamba juu kabisa ya ngozi, penye ugonjwa wenyewe, dozi yake haijatimia. Ndiyo maana huwekwa bolasi, tabaka la jeli la nusu sentimita hadi sentimita 1. Kazi nyingi huharibikia hapo! Jeli ikiacha upenyo wa hewa, kisiginoni au nyuma ya sikio, dozi hupungua mahali hapo hapo. Ukihisi haijalala vizuri, mwambie fundi wa mionzi kabla hajatoka chumbani. Alama za kalamu usizisugue unapooga.

Baadaye ngozi hupiga weusi, hukauka, na nywele za pale zinaweza kunyonyoka. Paka mafuta ya mgando baada ya kikao, si kabla. Baka huendelea kunywea kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya kwanza.

Kabla ya kupanda basi la kurudi, omba karatasi yenye dozi, tarehe na mchoro wa sehemu iliyopigwa. Bila hiyo daktari wa Moshi hawezi kujua ni wapi panaweza kurudiwa.